Jarida la Wiki la Shule ya Kati: Kalenda ya Kuaminika, Ukurasa wa Pongezi Unaosuasua

Jarida ninalolipitia hapa ni la shule moja ya kati yenye wanafunzi wa darasa la sita hadi la nane, na huwafikia wazazi na walezi kila Ijumaa jioni kwa barua pepe na kwa kiungo kinachotumwa kwenye simu. Jina la shule sitalitaja, kwa kuwa sehemu ya maelezo yangu ni lawama, na wanaoliandaa ni walimu wanaoifanya kazi hiyo juu ya vipindi vyao vya kawaida. Nimelisoma mwaka mzima wa masomo, tangu toleo la kufungua shule hadi la kufunga, nikiwa mzazi wa mwanafunzi wa darasa la saba. Kipimo changu ni kilekile ambacho ningekitumia kwa huduma nyingine yoyote: je, linamsaidia anayelipokea kutimiza jambo ambalo bila lenyewe lingempita, na je, linamtendea haki yule linayemzungumzia? Katika swali la kwanza jarida hili limefaulu kuliko nilivyotarajia. Katika swali la pili liliyumba sana, likajirekebisha nusu, na nusu iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike.

Umri wa wanafunzi wenyewe ndio unaolipa jarida la aina hii uzito. Mtoto wa miaka 11 hadi 14 si msimulizi wa kutegemewa wa mambo ya shule. Ukimuuliza kulikuwa na nini leo atakwambia hakukuwa na kitu, hata kama asubuhi hiyo alisimama mbele ya shule nzima kupokea cheti. Katika shule ya msingi mzazi alikuwa na mwalimu mmoja wa kumuuliza, ilhali sasa mtoto yuleyule anafundishwa na walimu sita au saba, kila mmoja akiwa na utaratibu wake wa kazi za nyumbani na majaribio. Shule za namna hii zilianza Marekani, ambako mwaka 1909 mji wa Columbus, Ohio, ulifungua shule ya darasa la saba hadi la tisa, na kuanzia miaka ya 1960 nyingi zikapangwa upya kuwa za darasa la sita hadi la nane, kwa hoja kwamba mwanafunzi wa umri huu si mtoto mdogo tena na bado hajawa kijana wa sekondari. Majarida mengi ya shule za kati hayajaisikia hoja hiyo. Ama yanaandikwa kwa sauti ya chekechea, yenye vibonzo na alama za mshangao kila mstari, ama yanaiga matangazo ya sekondari ambayo hudhani kuwa mwanafunzi atajisimamia mwenyewe. Jarida hili, kwa kiasi kikubwa, limeipata sauti inayofaa: linazungumza na mzazi kama mtu mzima mwenye haraka, na linamtaja mwanafunzi kama mtu mwenye akili zake.

Kila toleo lina sehemu nne, yaani salamu za mwalimu mkuu, habari za shule, pongezi kwa wanafunzi na shughuli zijazo. Katika muhula wa kwanza sehemu hizo zilifuatana kwa mpangilio huo, na huo ulikuwa uamuzi mbovu, kwa maana mzazi aliyetaka kujua siku ya mkutano na walimu alilazimika kwanza kupita aya ndefu za mwalimu mkuu kuhusu majira ya mwaka, moyo wa kujituma na umuhimu wa ushirikiano. (Sijawahi kukutana na mzazi aliyepinga umuhimu wa ushirikiano.) Mwanzoni mwa muhula wa pili mpangilio ukageuzwa, shughuli zijazo zikapanda juu na salamu zikashushwa chini, na tangu hapo zimekuwa fupi na, jambo lisilo la kushangaza, zimekuwa na maana zaidi.

Kalenda ndiyo fahari ya jarida hili, na inastahili kuelezwa kwa kina kwa sababu ni mahali ambapo shule nyingi hushindwa bila kujua. Shule nyingi huandika jina la shughuli na tarehe, basi. Hapa kila shughuli inaeleza ni ya nani, inaanza na kuisha saa ngapi, mtoto aje na nini, mzazi anatakiwa kufanya nini kabla ya siku hiyo, na aulize kwa nani. Chukua tangazo la ziara ya mafunzo ya darasa la saba, ambalo nalinukuu karibu lote: "Alhamisi tarehe 14. Kuondoka saa 2:30 asubuhi, kurudi saa 10:15 alasiri, yaani baada ya mabasi ya kawaida kuondoka. Mzazi apange mapema namna ya kumchukua mtoto. Fomu ya ruhusa irudishwe kwa mwalimu wa darasa kabla ya Jumatatu tarehe 11. Mwanafunzi anayetumia dawa saa za mchana, mzazi awasiliane na ofisi ya muuguzi." Maneno "yaani baada ya mabasi ya kawaida kuondoka" yana thamani kubwa kuliko ukurasa mzima wa picha za rangi, kwa sababu yameandikwa na mtu aliyejiuliza mzazi atakwama wapi, akamwondolea kikwazo kabla hajakifikia. Katika shule ambako mtoto wangu alisoma zamani, saa ya kurudi iliandikwa tu, na jioni ya ziara wazazi walijazana getini wakipigiana simu.

Jambo la pili linaloipa kalenda hii sifa ni namna inavyorudia. Shughuli kubwa hutangazwa katika matoleo matatu, na kila mara tangazo huwa na kazi tofauti: la kwanza linamwezesha mzazi kuomba ruhusa kazini, la pili linamkumbusha fomu na mahitaji, na la tatu, la wiki yenyewe, linaeleza mlango wa kuingilia na mahali pa kuegesha magari. Tarehe ikibadilika, tangazo huwekewa neno "IMEBADILIKA" kwa herufi kubwa mwanzoni, na tarehe ya zamani huachwa ikiwa imekatwa kwa mstari ili mtu aliyekwisha kuiandika ukutani aione na kuirekebisha. Ni ufundi mdogo, lakini maonyesho ya sayansi yaliposogezwa mbele kwa wiki moja, sikumsikia mzazi aliyejitokeza siku isiyo yake.

Kasoro ya kalenda ipo kwenye michezo. Ratiba ya mechi na mashindano haiandikwi ndani ya jarida bali hubandikwa kama bango la picha, lililochorwa inavyoonekana na mkufunzi mwenyewe, likiwa na herufi za njano juu ya mandhari nyeupe. Kwenye simu bango hilo halisomeki hadi ulivute kwa vidole na kulisukuma kushoto na kulia, na ukilikuza linakuwa na ukungu. Kwa mzazi asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa maandishi kwa sauti, ni kama halipo, kwani mara nyingi programu hiyo haisomi vizuri herufi zilizomo ndani ya picha iwapo hakuna aliyeweka maelezo yake. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, unaojulikana kwa kifupi WCAG, unataka picha yenye taarifa iambatane na maelezo ya maandishi, na unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, kiwango ambacho njano juu ya nyeupe haiwezi kukikaribia. Niliwaandikia wahariri kuhusu jambo hili, nikajibiwa kwa adabu kwamba bango linapendeza. Linapendeza kweli, ila siku na saa ya mechi sikuweza kuzinakili kwenye kalenda ya simu yangu.

Sehemu ya habari nitaipita haraka, kwa kuwa yenyewe hupita haraka. Ina taarifa za vyama vya wanafunzi, ukarabati wa maktaba, vifaa vipya vya maabara, ukusanyaji wa nguo kwa wahitaji na matokeo ya mashindano ya insha. Imeandikwa kwa Kiswahili safi, haina makosa ya tahajia, na mara nyingi inakosa lile swali ambalo msomaji analo. Ilipotangazwa kuwa chama cha roboti kimeanzishwa, haikusemwa kama mwanafunzi ambaye hajawahi kugusa roboti anakaribishwa, nami nilishuhudia mtoto wangu akiamua kuwa hakaribishwi.

Sasa pongezi. Katika muhula wa kwanza ukurasa huu ulikuwa orodha ya majina chini ya kichwa "Wanafunzi Bora wa Mwezi", wanafunzi wawili kwa kila darasa, pamoja na picha yao wakiwa wameshika vyeti mbele ya ukuta uleule. Haikuelezwa walichofanya, wala nani aliyewachagua na kwa vigezo gani. Kufikia mwezi wa tatu majina yalianza kujirudia, na wanafunzi, ambao katika umri huu hunusa upendeleo kutoka mbali, wakaanza kubashiri orodha kabla haijatoka. Mtoto wangu alibashiri sawasawa mara kwa mara, na alipotajwa rafiki yake mmoja, alisema kwa utulivu kuwa ni zamu yake tu. Nadhani hakuna hukumu kali zaidi juu ya tuzo kuliko hiyo: kwamba anayeipokea na asiyeipokea wote wanaamini haina uhusiano na jambo lolote lililofanyika.

Kando ya orodha hiyo kulikuwa na nyingine ya mahudhurio kamili, ambayo bado ipo hadi leo na ambayo ningeiondoa kesho kama ningekuwa mhariri. Inamsifu mtoto kwa kutougua, na inamnyima sifa yule aliyekwenda kumzika bibi yake. Zaidi ya hapo, kuna ushahidi kuwa haifanyi kazi inayodhaniwa. Watafiti wanne, Carly Robinson, Jana Gallus, Monica Lee na Todd Rogers, walichapisha mwaka 2021 matokeo ya jaribio lililohusisha wanafunzi zaidi ya 15,000 wa darasa la sita hadi la kumi na mbili huko California, ambapo baadhi yao waliahidiwa tuzo ya mahudhurio kamili na wengine wakapewa tuzo kwa mahudhurio yaliyokwisha kupita. Ahadi ya tuzo kwa jumla haikuongeza mahudhurio, na waliopewa tuzo kwa yaliyopita walipunguza kuja shuleni katika mwezi uliofuata. Maelezo ya watafiti ni kwamba tuzo ile iliwapa wanafunzi ujumbe ambao haukukusudiwa: kwamba walikuwa wamehudhuria kupita wenzao na kupita matarajio ya shule. Mtoto wa miaka 12 akiambiwa kuwa amezidisha, hupunguza.

Mabadiliko yalikuja katikati ya mwaka na, kwa kadiri nilivyoweza kufahamu, yalianza kwa mwalimu mmoja wa sayansi aliyekataa kupeleka majina matupu. Badala yake alipeleka sentensi. Ya kwanza ilimhusu mwanafunzi wa darasa la saba aliyegundua kuwa kipimajoto cha kundi lake kilikuwa na hitilafu, akaomba vipimo vyao vyote vifutwe na kuanzwa upya ingawa vilikuwa vimetoa jibu lililotarajiwa. Hapo hakukuwa na neno "bora", wala "mwenye bidii", wala "mfano wa kuigwa". Lakini sentensi hiyo ilizungumzwa nyumbani kwetu jioni nzima, kwa sababu mtoto wangu alikuwa na swali la kweli: kama jibu lilikuwa sahihi, kwa nini ajisumbue? Orodha ya majina haijawahi kuzaa swali nyumbani kwetu. Walimu wengine wakafuata, na kufikia muhula wa tatu ukurasa wa pongezi ulikuwa na maelezo mafupi ya namna hiyo saba au nane kwa kila toleo: mwanafunzi aliyemfafanulia mgeni wa darasa utaratibu wa maabara bila kuombwa, mwingine aliyeandika upya insha ambayo tayari ilikuwa imepata alama nzuri, na kundi la darasa la nane lililokubali mbele ya waamuzi kuwa hoja ya wapinzani wao kwenye mdahalo ilikuwa na nguvu.

Tofauti kati ya aina hizi mbili za sifa si ya ladha tu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi wa darasa la tano, ambao baada ya kufanya mazoezi ya ugumu wa wastani baadhi yao walisifiwa kwa akili zao na wengine kwa juhudi yao. Walipokutana na mazoezi magumu wakafeli, waliosifiwa kwa akili walikata tamaa mapema zaidi, walifurahia kazi kidogo zaidi, na katika mazoezi yaliyofuata walifanya vibaya kuliko wenzao. Sifa iliyomwambia mtoto yeye ni nani ilimwacha bila pa kushika alipoanguka. "Mwanafunzi Bora" ni sifa ya namna hiyo hasa, na maelezo ya kipimajoto ni ya namna nyingine kabisa, kwa maana yanataja tendo ambalo mtoto mwingine yeyote anaweza kulifanya wiki ijayo.

Hata hivyo ukurasa huu bado una tatizo ambalo wahariri hawajaligusa, nalo ni ridhaa. Mwanzoni mwa mwaka mzazi hutia saini fomu inayoruhusu jina na picha ya mtoto kuchapishwa, na baada ya hapo hakuna anayemuuliza mtoto mwenyewe. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1974 ya faragha ya kumbukumbu za elimu, ijulikanayo kama FERPA, inaziruhusu shule kutangaza tuzo na heshima za mwanafunzi ilimradi wazazi wamejulishwa na wamepewa nafasi ya kukataa. Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unakwenda mbali zaidi: kifungu chake cha 12 kinampa mtoto anayeweza kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yote yanayomhusu, na cha 16 kinalinda faragha yake. Mtu wa miaka 13 ana maoni yaliyokomaa sana kuhusu picha yake. Wapo wanaotamani kutajwa na wapo ambao kutajwa hadharani ni adhabu, hususan kama wametajwa kwa upole au kwa kumsaidia mwenzao, sifa ambazo uwanjani hugeuzwa kuwa utani. Kumuuliza mtoto "je, tuliandike hili, na tuweke jina lako?" kungechukua nusu dakika.

Linaloongeza uzito wa jambo hili ni kwamba kiungo cha jarida kiko wazi kwa mtu yeyote aliyenacho, bila neno la siri. Toleo moja linaweza kuwa na picha ya mtoto, jina lake kamili, timu anayochezea, na chini kidogo saa na uwanja ambako timu hiyo itakuwa Jumamosi. Kila kipande peke yake hakina madhara, lakini vikikaa pamoja vinamwelekeza mtu asiyejulikana mahali mtoto alipo. Jina la kwanza na darasa vingetosha kabisa kwa wasomaji wanaomfahamu mtoto, na wasiomfahamu hawana haja na zaidi ya hapo.

Jambo moja ambalo jarida hili halilifanyi, na ambalo baadhi ya wazazi hulilaumu bila haki, ni kumweleza mzazi hali ya mtoto wake mwenyewe. Hiyo si kazi yake. Taarifa za kazi ambazo hazijakabidhiwa, alama na utoro zinahitaji njia ya mtu mmoja mmoja, na njia hiyo ikitumika vizuri inaleta tofauti inayopimika: katika jaribio la Peter Bergman na Eric Chan lililohusisha shule 22 za kati na za sekondari huko West Virginia, ujumbe mfupi uliotumwa kwa wazazi moja kwa moja kutoka kwenye mfumo wa alama ulipunguza idadi ya masomo yaliyofeliwa kwa zaidi ya robo. Shule yetu inao mfumo kama huo, nao ni mbovu, lakini hayo ni mapitio mengine.

Ukurasa unaoandikwa na wanafunzi wenyewe hutoka mara moja kwa mwezi, na ndio ninaousoma kwanza. Kiswahili chake hakijanyooka kama cha walimu, na mwandishi mmoja ana mazoea ya kumalizia kila aya kwa swali. Lakini ni hao walioripoti kuwa maktaba hufungwa wakati wa mapumziko ya mchana, saa pekee ambayo wanafunzi wa mabasi wanaweza kuitumia, na wakaandika hivyo bila lawama, wakitaja tu saa za kufungua na saa za mabasi na kumwachia msomaji hesabu. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu alijibu ndani ya salamu zake, na sasa maktaba iko wazi mchana mara tatu kwa wiki. Ni sehemu pekee ya jarida ambayo habari zake zimewahi kubadilisha kitu, na bado inapewa nafasi ndogo kuliko picha za vyeti.

Ombi langu kubwa kwa mwaka ujao linahusu wasomaji ambao jarida halina kabisa. Toleo la mwisho la mwaka lilibeba maelezo mazuri mno kwa wanafunzi wanaoingia darasa la sita: siku ya kutembelea shule, namna ya kufungua kabati la vitabu lenye namba, ramani ya madarasa, majina ya walimu wa kuwaendea wakipotea, na ratiba ya wiki ya kwanza iliyofupishwa ili wasichoke. Yaliandikwa kwa uangalifu uleule wa tangazo la ziara. Ila jarida hutumwa kwa wazazi waliokwisha kuandikishwa kwenye orodha ya shule, na wazazi wa darasa la sita lijalo huingizwa kwenye orodha hiyo siku ya kufungua, wiki kadhaa baada ya siku ya kutembelea kupita. Shule za msingi wanakotoka watoto hao zinajulikana, na anwani za wazazi wao zipo huko; barua moja kutoka ofisi hadi ofisi ingetosha kulifikisha toleo hilo mapema. Mwaka huu waliohudhuria siku hiyo walikuwa, kwa sehemu kubwa, wale wenye kaka au dada ambaye tayari anasoma hapa.